Tusichanganye chemsha bongo na taarifa ya habari

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili unusu asubuhi, nami nimeketi nyuma ya dereva katika matatu iendayo mjini. Redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu, kama ilivyo ada. Watangazaji wawili, mwanamume na mwanamke, walikuwa wakipiga gumzo na kucheka. Kisha wakatega swali la chemsha bongo ambalo mshindi wake angetuzwa muda wa maongezi wa shilingi 200: Je, Kenya ilipata kuwa jamhuri mwaka gani?

Mpiga simu wa kwanza, aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alijibu bila kusita: 1964. Pakalizwa king'ora cha kukosa. "Pole sana, mwalimu! Wanafunzi wako wana kazi!" akasema mtangazaji, na mwenzake akaangua kicheko. Mpiga simu wa pili alisema 1963, akapigiwa vigelegele na kupewa tuzo. Kabla vigelegele havijakoma, sauti ile ile, tena kwa mahadhi yale yale, ikatuarifu kwamba watu kadhaa walikuwa wamelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa kipindupindu katika mtaa mmoja wa jiji. Ukafuata mzaha kuhusu watu wasiopenda kunawa mikono. Ukafuata wimbo.

Kando yangu alikuwa ameketi kijana aliyevaa sare ya shule ya upili. Alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake na kuandika, kwa mwandiko nadhifu kabisa: Jamhuri, 1963.

Mpenzi msomaji, mwalimu yule hakukosea. Tarehe 1 Juni 1963 tulipata madaraka ya kujiendeshea mambo yetu ya ndani. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapata uhuru. Lakini kwa mwaka mzima baada ya uhuru, mkuu wa dola alikuwa bado ni Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa hapa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Ni tarehe 12 Desemba 1964 ndipo Kenya ilipokuwa jamhuri, na Mzee Jomo Kenyatta akawa Rais badala ya Waziri Mkuu. Mtu aliyejua jambo hilo alichekwa mbele ya maelfu ya wasikilizaji, na asiyelijua akatuzwa. Siku hiyo, bila shaka, palikuwa na darasa mahali fulani ambamo mwalimu aliingia akiwa amekwisha kuvuliwa nguo na redio.

Sisemi haya kwa nia ya kuvikejeli vipindi vya asubuhi. Mimi mwenyewe huvisikiliza, na ninavipenda. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilikuwa na redio, licha ya hizo zilizomo ndani ya simu na magari. Kipindi cha asubuhi humwamsha mkulima, humchangamsha mama anayetayarisha chai ya watoto, humwonya dereva kuhusu barabara iliyofurika maji, na humpa mnyonge nafasi ya kumwuliza kiongozi swali ambalo hangeweza kumwuliza ofisini. Fauka ya hayo, vipindi hivi vimekieneza Kiswahili katika vijiji ambako miaka 40 iliyopita kilisikika sokoni na kambini tu. Kwa hilo, sisi tunaokifundisha tunawiwa shukrani na watangazaji.

Hali kadhalika, chemsha bongo si jambo geni wala baya. Wazee wetu walikuwa na vitendawili. Lakini hebu tuangalie jinsi walivyovitumia. Mtegaji alisema "Kitendawili!" na hadhira ikajibu "Tega!" Aliyeshindwa aliambiwa atoe mji ndipo ateguliwe. Msimulizi wa hadithi naye alianza kwa "Paukwa!" akajibiwa "Pakawa!" Maneno hayo hayakuwa mapambo. Yalikuwa kizingiti cha mlango. Aliyeyasikia alijua kwamba sasa ameingia katika nyumba ya mchezo, ambamo sungura husema na fisi huoa. Hadithi ilipokwisha, palikuwa na maneno ya kuifunga, na watu wakatoka nje ya nyumba hiyo na kurudi katika mambo ya kweli. Mtoto wa miaka mitano hakuwahi kuchanganya ngano ya sungura na habari ya kuibiwa kwa ng'ombe wa jirani.

Redio yetu ya zamani nayo ilikuwa na vizingiti vyake. Utangazaji ulianza nchini mwaka 1928 kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Matangazo ya lugha za Kiafrika yalikuja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili jamaa za askari wapate habari za vita. Mwaka 1964 redio ya taifa ikaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikarudia jina la KBC. Sisi tuliokulia katika enzi hizo tunakumbuka kwamba taarifa ya habari ilikuwa na saa yake, mlio wake na msomaji wake, na matangazo ya vifo yalikuwa na muziki wake wa huzuni. Mazungumzo ya nyumbani yalikatika. Baba aliinua mkono, na hata mtoto mtundu akanyamaza. Vipindi vya shule vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya navyo vilikuwa na wakati wao, na mwalimu alikipanga kipindi chake cha darasani kwa kufuata ratiba ya redio.

Wala si kweli kwamba redio ya wakati huo haikujua kuchekesha. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwezi Februari 2025, alianza kutangaza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966. Alituchekesha kwa visa vya watu wasio na adabu, lakini kila msikilizaji alifahamu kwamba hiki ni kipindi cha maadili, si taarifa ya habari. Tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi walipotaka nchi iamini kwamba serikali imepinduliwa, walimlazimisha mtangazaji huyo huyo kulisoma tangazo lao. Walikuwa na bunduki na walikuwa na kituo, lakini walijua kwamba hayo hayatoshi. Walihitaji sauti ambayo watu walikuwa wameizoea na kuiamini. Kisa hicho kinatufundisha kwamba sauti ya mtangazaji ni amana. Imani iliyojengwa kwa miaka mingi ya salamu na vichekesho ndiyo hiyo hiyo ambayo mtu huitegemea siku ya hatari.

Tangu katikati ya miaka ya 1990, serikali ilipoanza kutoa leseni kwa vituo vya kibinafsi, mambo yamebadilika, na mengi yamebadilika kwa heri. Lakini katika mabadiliko hayo vizingiti vimeng'olewa. Katika muda wa saa moja ya asubuhi msikilizaji hupewa ajabu ya dunia, ugomvi wa mke na mume, bei ya mafuta, matokeo ya kandanda, dondoo za magazeti, uvumi kuhusu mwanamuziki, na mauaji yaliyotokea usiku. Vyote hivyo hupikwa katika chungu kimoja na kupakuliwa kwa upawa mmoja.

Kama mwanaisimu, ninapovisikiliza vipindi hivi husikiliza zaidi maneno madogo, yale ambayo aghalabu hatuyafikirii. Kiswahili kina njia nzuri za kumwonyesha msikilizaji ni kwa kiasi gani msemaji anasimama nyuma ya maneno yake. Nitataja tatu tu.

La kwanza ni "eti". Nikisema "Eti bei ya unga imepanda", nimekwisha kukuonya kwamba maneno si yangu, nami sina hakika nayo, au hata nayadharau. La pili ni "inasemekana". Neno hili huleta habari lakini humficha aliyeisema, kama barua isiyo na sahihi. La tatu ni "kumbe". Nikisema "Kumbe bei ya unga imepanda", ninakuambia kwamba jambo hilo ni la kweli kabisa, ila mimi nilikuwa nimechelewa kulijua. Kwa hivyo "eti" hutia shaka, "inasemekana" huficha shina, na "kumbe" huthibitisha.

Sasa sikiliza redio kesho asubuhi. Utasikia ajabu ya dunia ikiletwa kwa "kumbe": "Kumbe binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake!" Huo ni uzushi wa miaka mingi. Picha zinazopigwa kwa mitambo ya hospitali zimeonyesha kwamba sehemu zote za ubongo hufanya kazi, na anayeumia sehemu ndogo tu huweza kupoteza uwezo wa kusema au wa kutembea. Kisha, dakika chache baadaye, utasikia habari ya kweli iliyoandikwa na mwanahabari aliyefika mahali pa tukio ikiletwa kwa "eti": "Eti watu wamelazwa kwa kipindupindu!" Uzushi umevikwa kanzu ya ukweli, na ukweli umevishwa matambara ya uzushi. Msikilizaji asiye na njia nyingine ya kupima afanye nini? Atashika kile kilichosemwa kwa kicheko kikubwa zaidi.

Madhara ya jambo hili nimeyaona katika kazi yangu. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika katika insha yake kwamba Kiswahili ni lahaja ya Kiarabu. Nilipomwita na kumwuliza ameitoa wapi hoja hiyo, alinijibu kwa heshima na kwa uhakika mkubwa: "Nilisikia redioni, Daktari. Ilikuwa chemsha bongo, na aliyejibu hivyo alishinda."

Ilinibidi nianze upya. Nilimwomba atafakari neno "kitabu". Asili yake ni Kiarabu, naam. Lakini katika Kiarabu sauti "ki" ya neno hilo ni sehemu ya mzizi. Mswahili alipolipokea alisikia "ki" ya ngeli yake, ile ya kiti na kisu, naye akasema "vitabu", jambo ambalo Mwarabu hawezi kulifanya. Kisha nikamwambia aseme: kitabu kimoja kimeanguka, vitabu viwili vimeanguka. Upatanisho huo wote, wa nomino, idadi na kitenzi, ni wa Kibantu. Wataalamu kama vile Derek Nurse na Thomas Spear katika kazi yao ya mwaka 1985, na Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993, wameonyesha kwa ushahidi wa sauti na sarufi kwamba Kiswahili ni cha kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kukopa maneno hakubadilishi ukoo. Kiingereza kimekopa maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini, na bado ni lugha ya Kijerumaniki.

Mwanafunzi alielewa. Lakini nilijiuliza ni wangapi waliosikia kipindi kile na ambao hawatapata mtu wa kuketi nao kwa saa nzima ili kuwaondolea kosa la nusu dakika.

Pengine msomaji atasema kwamba ninakuza jambo dogo: mwaka wa jamhuri, asili ya lugha, ubongo. Nakubali kwamba hakuna aliyekufa kwa kukosea mwaka. Lakini mazoea ni jambo kubwa. Msikilizaji anayezoezwa kila siku kutoulizia shina la neno madhali limesemwa kwa bashasha, siku moja atasemeshwa neno zito kwa bashasha ile ile.

Jirani zetu wa Rwanda wanalijua hilo kwa uchungu. Kituo cha RTLM kilichoanza kutangaza mwaka 1993 hakikuanza kwa sauti ya vita. Kilipendwa kwa muziki wake, mizaha yake na wapiga simu wake, kwa lugha ya vijana wa mitaani, tofauti na redio ya serikali iliyokuwa kavu. Chuki iliingia kwa mlango wa mzaha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Ingawa rufaa ya mwaka 2007 ilifuta sehemu ya hukumu ile, ilithibitisha kwamba matangazo ya kituo hicho baada ya tarehe 6 Aprili 1994 yalikuwa ni uchochezi wa mauaji ya halaiki. Hapa kwetu nako, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwenendo wa baadhi ya vituo vya redio ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Sisemi hata kidogo kwamba watangazaji wetu wa chemsha bongo ni wachochezi. Nasema kwamba nchi iliyoyaona hayo mlangoni pake haina ruhusa ya kulipuuza swali hili: je, msikilizaji anajua wakati gani anachezewa na wakati gani anaarifiwa?

Tufanye nini basi? Kwa watangazaji nina maombi matatu, na yote hayahitaji fedha.

Kwanza, virudisheni vizingiti. Mlio mfupi, au neno moja la kufungua na la kufunga, litamwambia msikilizaji kwamba mchezo umekwisha na sasa ni habari. Habari ya msiba isomwe na ipewe pumzi ya kimya kabla ya wimbo. Pili, litajeni shina. "Kwa mujibu wa Wizara ya Afya" ni maneno sita tu, na hayampunguzii mtu ucheshi. Tatu, likitokea kosa, lisahihishwe kesho yake, saa ile ile, kwa sauti ile ile. Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zilitaka taarifa yenye kosa isahihishwe upesi. Mimi ningependa tuongeze kwamba chemsha bongo nayo ni taarifa. Mwalimu yule wa 1964 alistahili kupigiwa simu, kuombwa radhi na kupewa shilingi zake 200.

Kwa walimu wenzangu, redio tusiifukuze darasani. Tukumbuke kwamba shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, ni redio iliyobeba masomo hadi katika nyumba zisizokuwa na umeme wala intaneti. Mtaala wa umilisi nao umetenga nafasi ya kusikiliza na kuzungumza. Basi tuitumie. Waambie wanafunzi wako waje na mambo matatu waliyoyasikia redioni asubuhi. Chora ubaoni safu nne: habari, maoni, mzaha, na uvumi. Kila mmoja aseme jambo lake liwekwe wapi, na kwa nini. Waulize: Nani amesema? Amejuaje? Ametumia "eti", "inasemekana" au "kumbe"? Dakika 10 za zoezi hilo mara moja kwa wiki zitamfaa mwanafunzi katika insha, katika historia, na siku atakaposhika kura mkononi.

Nanyi wanafunzi, msione haya kumsahihisha mtu mwenye kipaza sauti. Neno "habari" lina bahati ya kuwa ndani ya salamu yetu. Kila asubuhi tunaulizana, "Habari za asubuhi?" Tunajibu "Njema", hata tukiwa na mgonjwa nyumbani, kwa kuwa hiyo ni salamu. Kisha, tukiketi, ndipo tunapoelezana habari yenyewe. Babu zetu walitofautisha mambo hayo mawili kwa kukaa kitako tu. Sisi tuna mitambo, tuna wasomi, tuna sheria, na bado tunashindwa.

Nimalizie na yule kijana wa matatu. Nilimgusa bega nikamwambia kwamba mwaka alioandika ni wa uhuru, na kwamba jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye. Akanitazama, akakitazama kile kipaza sauti kilichokuwa juu ya mlango, akasema, "Lakini mzee, si redio imesema?"

Sikubishana naye. Nilimwomba akifika shuleni amwulize mwalimu wake wa historia, au afungue kitabu. Aliwaza kidogo. Kisha akachukua kalamu, na bila ya kufuta 1963, akaandika kando yake 1964, na mbele ya miaka yote miwili akatia alama ya kuuliza. Nilishuka kituo kilichofuata nikiwa nimeridhika. Natumai siku hiyo alimpata mtu wa kumjibu.